Handaki Lisilokuwa Kwenye Mchoro

Opareta wa kijiko, mashine ya kuchimbia, alizima injini, akashuka, akavua kofia yake ngumu na kuishika kifuani kama mtu aliyeingia msibani. Ilikuwa saa nne asubuhi, katikati ya barabara kuu, ndani ya uzio wa mabati ambao wenye maduka waliuchukia tangu siku ulipowekwa.

"Njoo uone," alimwambia mpima. "Mimi hapa sichimbi tena."

Mpima mwenyewe alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, na kazini wote walimwita Nukta. Jina hilo alilipata kwa sababu hakuwa na subira na neno "hivi". Ukimwambia shimo lina kina cha mita tatu hivi, anakuuliza, "Tatu nukta ngapi?" Kwa miaka miwili alikuwa akipima njia ya treni ya mjini, kilomita kumi na nne kutoka stendi kuu hadi hospitali kubwa, na kila bomba la maji, kila waya wa umeme na kila mzizi uliojipenyeza pale ambapo reli ingepita alikuwa amekwisha kuuweka kwenye mchoro. Alipenda kujisifu, kwa utani ambao haukuwa utani sana, kwamba anaujua uvungu wa mji huu kuliko uvungu wa kitanda chake.

Shimo lile lilikuwa la majaribio tu, la kuangalia udongo. Jino la kijiko lilikuwa limeng'oa tofali moja; opareta alilisukuma kwa buti, likaanguka, na wote wawili wakasubiri kishindo. Kishindo hakikuja. Kilichokuja, baada ya muda, ni *chubwi*.

Nukta alilala kifudifudi ukingoni akamulika tochi. Mwanga ulishuka, ukapita hewani patupu, ukagota kwenye maji. Maji yalikuwa yanatembea.

"Bomba la maji taka?" aliuliza opareta. Alikuwa jitu la mtu, na sauti yake kwa kawaida ilisikika ng'ambo ya barabara, lakini sasa alikuwa akinong'ona.

"Halinuki," alisema Nukta. "Na tangu lini umeona bomba ambalo ng'ombe anaweza kupita akiwa amesimama?"

Mhandisi mkuu aliitwa. Huyu walimwita Kalenda, kwa sababu popote alipokuwa, ratiba ya kazi ilikuwa imekunjwa mfukoni, na swali lolote ulilomuuliza alikujibu kwa tarehe. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mradi uliochelewa mara mbili, na watu wa mji mzima walikuwa wamechoka kuzunguka mabati. Aliinama shimoni, akatazama kwa muda ambao Nukta aliuona mrefu, kisha akashusha pumzi.

"Tulijaze zege. Ijumaa."

"Mkuu, utajazaje kitu usichojua kinaishia wapi? Zege litafuata maji, likatokee sebuleni kwa mtu. Nipe siku tatu niingie nilipime."

Kalenda alitoa ratiba, akaitazama kama mgonjwa anayetazama sindano. "Mbili."

Nukta alishuka kwa ngazi ya kamba, na kipima hewa kikining'inia shingoni. Miguu ilipogusa chini, maji yalimfika kwenye vifundo, baridi na safi. Aliwasha taa kubwa.

Alikuwa amesimama ndani ya handaki la matofali. Juu yake tao lilipinda kutoka ukuta hadi ukuta, safu baada ya safu, kila tofali likiwa limeegemea jirani yake, na mwanga wa taa ulikwenda mbali ukafifia bila kugonga mwisho. Juu ya tao hilo kulikuwa na barabara. Malori, mabasi, watu na shughuli zao. Alikuwa amepita hapo maelfu ya mara, na maji haya yalikuwa yakipita chini yake mara zote hizo. Alijikuta ameshika ukuta. Si kwamba aliogopa kuanguka. Alitaka tu kuhakikisha upo.

Alisimamisha mashine yake ya kupimia juu ya miguu yake mitatu, akaanza kazi. Handaki lilikuwa na urefu wa mita mia nne na kumi na mbili, nukta tatu. Upande wa juu lilipokea maji ya mvua na ya chemchemi kutoka mitaa yote ya kilimani; upande wa chini liliyamwaga bondeni, nyuma ya kichaka ambacho hakuna mtu aliyewahi kukifyeka. Ndipo alipoelewa kwa nini mitaa ile haikuwahi kufurika hata masika yawe makali kiasi gani. Watu wa huko waliiita bahati.

Lakini jambo lililomfanya aketi juu ya sanduku la vifaa ni namba mbili zilizotokea kwenye skrini. Ya kwanza ilikuwa ya unyoofu. Kutoka mwanzo hadi mwisho, mita mia nne na zaidi, handaki lilikuwa limepotoka kwa upana wa vidole viwili tu. Ya pili ilikuwa ya mteremko. Kila baada ya mita nne sakafu ilishuka sentimita moja, na iliendelea hivyo bila kukosea, mia nne nzima. Alidhani mashine ina hitilafu. Aliipanga upya, akapima tena. Akapima mara ya tatu. Yeye alikuwa na miale ya leza na kompyuta. Hawa waliolijenga walikuwa na nini? Kamba? Bakuli la maji? Macho?

"Uko salama huko?" opareta alipaza sauti kutoka juu.

"Niko," alijibu. "Nisubiri kidogo." Na akaendelea kukaa.

Siku ya pili alikwenda ofisi ya kumbukumbu za mji. Alikuta ramani ya zamani kuliko zote imeliwa na mende pembeni, na katika ramani hiyo barabara kuu ilikuwepo tayari. Handaki halikuwepo. Hakukuwa na jina la mjenzi wala tarehe.

Jioni hiyo alirudi nyumbani na kipande cha tofali mfukoni. Aliishi na mama yake, mwanamke wa miaka sitini na nane ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Tanuri, kwa sababu ujana wake wote na utu uzima wake aliumalizia kwenye matofali: kukanda udongo, kufyatua, kupanga tanuri na kulichoma. Nukta alikiweka kipande mezani, kando ya sahani ya mama yake. Mama mtu alikichukua, akakigeuza mwangani, akakigonga kwa ukucha. Kisha akakilamba.

"Mama! Hicho kimetoka mtaroni!"

"Nimelamba mangapi maishani mwangu na bado nakusumbua?" Alitulia kidogo, kama mtu anayeonja chumvi. "Tofali lisiloiva linanyonya ulimi. Hili halinyonyi. Limeiva mpaka moyoni. Umelitoa wapi?"

Nukta alimweleza yote, mpaka mteremko na vidole viwili. Mama yake alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake kabisa.

"Yako mangapi humo?"

"Nimekadiria laki tatu na nusu."

Mama Tanuri alikirudisha kipande mezani taratibu. "Miaka thelathini na moja nimechoma matofali, mwanangu. Sijawahi kumwona mtu anayatazama. Wakishajenga wanapiga plasta, basi, yamekwisha. Kesho nakwenda na wewe."

"Na magoti yako?"

"Magoti yangu hayajakuuliza kitu."

Kalenda aliposikia ombi hilo la siku ya tatu alidhani ni mzaha. "Mama yako ni mhandisi?"

"Alichoma matofali miaka thelathini na moja."

"Thelathini na moja nukta ngapi?" aliuliza Kalenda, na opareta akageuka pembeni kuficha kicheko.

"Na miezi minne," alisema Nukta. "Mkuu, hapa kuna wahandisi wa zege, wa chuma na wa umeme. Kuna hata mmoja anayejua tofali?"

Hakukuwa na mmoja. Mama Tanuri alivalishwa mabuti, kizibao cha kung'aa na kofia iliyomfika kwenye nyusi, akafungwa mikanda, na winchi ndogo ikaanza kumshusha.

"Taratibu, baba," alimwambia opareta. "Nishushe kama mgonjwa, usinishushe kama gunia."

Alipofika chini alisawazisha kofia yake. Nukta alimfungua mikanda akamshika mkono, na wakatembea wakifuata maji. Mama alikuwa akipandisha uso kwenye tao, akishusha ukutani, akipandisha tena. Kisha akasimama, akavua glavu moja. Kwenye kona ya tofali lililokuwa usawa wa bega lake palikuwa na shimo dogo, laini, la umbo la yai. Nukta alikuwa amepita hapo mara kadhaa na kudhani ni dosari ya udongo. Mama yake aliweka kidole gumba ndani. Kikaenea.

"Mfyatuaji alikuwa anapima kama udongo umekaza," alisema. "Ukitoa tofali kwenye kibao cha kufyatulia unabonyeza kona, hivi. Likirudisha kidole, unalianika. Na mimi nilifanya hivyohivyo." Aligeuza mkono. "Ila huyu alikuwa shoto. Na alikuwa mwanamke, tazama wembamba wake."

Alimulika pembeni. Tofali la jirani lilikuwa na alama nyingine, pana, yenye kovu katikati. La chini yake lilikuwa na kidole kidogo zaidi. Sasa Nukta aliona, na alipokwisha kuona hakuweza tena kuacha kuona: kila tofali, ukutani na darini, kutoka hapo hadi mwanga ulipoishia, lilikuwa na kidole cha mtu. Laki tatu na nusu. Mama na binti walisimama katikati ya maji, wakizungukwa na mikono ya watu ambao hakuna aliyewajua hata kwa jina.

Baadaye mama aliomba nyundo ndogo, akaanza kutembea akigonga. Matofali yaliitika *ngi, ngi, ngi*, kama vikombe. Walitembea hivyo karibu saa nzima. Walipokuwa wameshapita nusu ya handaki, sauti ikabadilika. *Ndu.* Akarudi nyuma akagonga. *Ngi.* Akasonga mbele. *Ndu.*

"Chaki," alisema.

Alichora mstari ukutani, akaendelea kugonga mpaka sauti njema iliporudi, akachora mwingine. Katikati ya mistari hiyo, mtu akitazama vizuri, matofali yalikuwa na weupe fulani, kama uso wa mtu aliyeamka na homa.

"Haya hayakuiva. Mvua iliwakuta tanurini, au kuni ziliwaishia. Na fundi alijua, maskini. Tazama, hapa ukuta umekuja mbele. Aliongeza safu ya tatu ili zisaidiane. Kwa maji na mikokoteni ilitosha. Kwa treni yenu, sijui. Mimi nisingepita."

Nukta alipima. Mita kumi na moja, nukta nne. Alipolinganisha na mchoro wake akaona tatizo: reli zote mbili zingepita juu ya mita hizo hizo, na hapo hapo palipangwa nguzo kubwa ya kushikilia nyaya za umeme.

Kalenda hakufurahi. Mashine ya kupiga picha ardhini, iliyoletwa baada ya handaki kuonekana, ilikuwa imepita juu ya sehemu hiyo na kusema ni salama. "Siwezi kuwaambia wakubwa kwamba nimebadilisha mradi kwa sababu ya sauti ya *ndu*," alisema.

"Usiwaambie hivyo," alijibu Mama Tanuri. "Toeni matofali matatu huku na matatu kule, myavunje. Mashine za kuvunjia mnazo."

Majibu ya maabara yalirudi baada ya wiki moja. Kalenda aliyasoma akiwa amesimama, akayasoma tena akiwa ameketi. Matofali ya upande mzuri yalibeba mzigo mkubwa kuliko matofali mapya yanayouzwa madukani. Yale yaliyopauka yalipasuka kabla hata ya theluthi moja ya mzigo huo. Alimpigia Nukta simu, akaomba kuzungumza na mama.

"Shikamoo, mama. Maabara imekukubali."

"Marahaba, mwanangu. Haijanikubali mimi. Imelisikiliza tofali, na mimi nililisikiliza."

Baada ya hapo habari ya kujaza zege haikutajwa tena. Nukta na wahandisi walikaa wiki tatu wakichora upya. Sehemu kubwa ya handaki ingeachwa kama ilivyo. Tao lilikuwa na nguvu ya kubeba treni na ziada. Ila juu ya zile mita kumi na moja wangejenga daraja ambalo hakuna mtu angeliona: nguzo za zege zikishuka pande zote mbili za handaki, mbali na ukuta, na jamvi la zege na nondo juu yake, likiliruka tao kwa upana wa kiganja cha mkono bila kuligusa. Nguzo ya nyaya ilihamishwa. Yote hayo yaliongeza wiki saba.

Kalenda alitakiwa kujieleza mbele ya wakubwa wa mradi. Aliandaa kurasa arobaini, hakuzifungua. Aliwavalisha mabuti watu watano wenye suti, akawashusha mmoja mmoja, akawasha taa zote kwa mpigo. Nukta alikuwepo. Alisikia soga lao likikatika katikati ya neno. Mmoja wao, mama mmoja aliyekuwa maarufu kwa kuwakatiza watu kwenye mikutano, alisogea ukutani bila kuambiwa, akaweka kidole gumba kwenye alama ya kidole.

"Nani alijenga?" aliuliza.

"Hatujui, mheshimiwa," alisema Kalenda.

"Wiki saba zinatosha?"

Zilitosha, isipokuwa siku mbili za ziada, na siku hizo mbili Kalenda alizilalamikia mpaka watu wakazoea.

Siku ya kujaribu njia ilikuwa Jumanne, saa mbili asubuhi. Mabehewa matatu yalijazwa mifuko ya mchanga yenye uzito wa abiria mia mbili na themanini. Juu, watu walikuwa wamejipanga nyuma ya utepe wakiwa na simu mikononi. Nukta alikuwa chini. Alikuwa amefunga vipimo vinne: viwili kwenye jamvi la zege, kwa fito za chuma zilizopenyezwa kwenye tao, na viwili kwenye matofali ya juu kabisa ya tao, kila kimoja na mshale mwembamba unaoweza kusoma sehemu ya mia ya milimita. Na kando yake, kwa ruhusa maalumu iliyosainiwa na Kalenda shingo upande, alikuwepo mama yake, ameketi juu ya kigoda, miguu ndani ya maji.

"Ikianguka tutaanguka wote," alisema mama.

"Haianguki, mama. Na sisi tuko chini yake, tutaangukiwa."

"Ahsante kwa kunituliza."

Redio ilikoroma. Sauti ya Kalenda ilisema treni imeondoka kituoni. Nukta aliinamia vipimo. Mama Tanuri aliinuka, akaweka viganja vyote viwili ukutani, akafumba macho.

Kwanza ulikuja mvumo. Haukuingia masikioni, uliingia kwenye nyayo, ukapanda. Uso wa maji ulichoreka vimistari vyembamba, maelfu, vyote vikitetemeka pamoja, na mwanga wa taa uliovipiga ukapanda darini ukacheza juu ya matofali, hata tao zima likawa kama linapumua. Kisha ikaja sauti, ya mbali, kama jirani anayesogeza kabati katika chumba cha tatu. Mshale wa kwanza ulisogea. Nukta alisoma kwa sauti, kama alivyofundishwa: jamvi, sifuri nukta tatu moja. Sifuri nukta tatu tatu. Akageukia mishale ya tao. Ya tao ilikuwa imelala pale pale kwenye sifuri, haikushtuka hata kidogo.

Tani mia moja na kumi zilipita juu ya vichwa vyao, na hata chembe ya vumbi haikudondoka.

Vimistari vya maji vilitulia kimoja kimoja. Mama alifumbua macho.

"Inakuja lini?"

"Imeshapita."

"Imeshapita?" Alitazama juu, akatazama tena. Viganja vyake bado vilikuwa ukutani. "Na hawa wote hapa hawakujua," alisema, na Nukta alielewa kwamba hazungumzii watu wa barabarani. "Hawakujua kitu cha namna hii kitakuja kuwapo. Wamekibeba tu."

Machozi yalimtoka Nukta akiwa ameshika kalamu, na namba ya mwisho aliiandika vibaya, ikabidi aifute na kuiandika upya. Treni ilirudi kwa mwendo wa kasi zaidi, kisha ikapita mara ya tatu na breki. Mishale ya tao haikusogea. Aliandika sifuri, sifuri, sifuri, na hakuna namba aliyowahi kuiandika kwa furaha kama hizo.

Njia ilifunguliwa kwa umma mwezi uliofuata. Mama na binti walipanda siku ya nne, kwa kuwa siku tatu za kwanza hapakuwa na pa kuweka mguu. Treni ilitoka stendi kuu kwa upole, bila mtikisiko, ikaingia barabara kuu. Mabati hayakuwepo tena. Wenye maduka walikuwa wamepanga bidhaa nje. Mama Tanuri aliketi karibu na mwanamke aliyekuwa na begi la shule mapajani, na kabla ya kituo cha pili alikuwa ameshamsimulia kila kitu: maji, tao, mtu shoto, mita kumi na moja.

"Hapa chini yetu?" aliuliza yule mwanamke. "Sasa hivi?"

"Nukta ngapi mpaka tufike?" mama alimuuliza binti yake.

"Tumefika," alisema Nukta. "Tuko juu yake."

Yule mwanamke alitazama sakafu. Kisha, bila kujijua, akainua miguu yote miwili akaishikilia hewani, na akabaki hivyo, amekumbatia begi, kama mtu anayepisha wengine waliolala.

"Teremsha miguu, dada," Mama Tanuri alimwambia akicheka. "Utachoka bure, handaki ni refu."

Lakini mwanamke hakuiteremsha mpaka kituo kilichofuata.